Baba mdogo alichomoa taa ya joto, nikamshukuru: gari ilivyochemsha Kilosa–Mikumi nikiwa na mama

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nina hasira na sitawadanganya kwamba zimepoa. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa sababu ulijaa matusi. Leo matusi nimepunguza, ukweli nimeuacha ulivyo. Watakaocheka wacheke, ila kama umenunua gari yako ya kwanza juzi na hujui hata boneti inafunguliwa wapi, soma mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Kilosa, nina duka la pembejeo pale mjini. Mbegu, mbolea, dawa za kunyunyizia. Mwaka jana nikajikongoja nikavuta kausafiri, hizi ndogo mnazoziita baby walker. Gari yangu ya kwanza maishani. Nikiri mapema kwamba kuhusu gari nilijua vitu vitatu tu: kuwasha, kuosha, na kupiga honi nikimpita mtu anayenifahamu.

Fundi wangu hakuwa wa kuokoteza. Ni baba yangu mdogo, anamfuata marehemu baba kuzaliwa. Gereji yake iko karibu na reli, ameshika spana tangu mimi nikiwa navaa kaptula. Mzee wa kanisa, anaheshimika, ukifika pale lazima uanze na shikamoo, ajibu marahaba akiwa bado kichwa kiko ndani ya injini, ndiyo useme shida yako.

Sasa hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, na naomba mnielewe vizuri.

Fundi wa kawaida ukiona hamuelewani unamuuliza, "Una uhakika?" Unabishana naye, unapiga simu kwa fundi mwingine mbele yake, unaondoka. Baba mdogo unamuulizaje? Mtu umempa shikamoo sasa hivi, dakika hiyo hiyo uanze kumhoji kama polisi? Kwa malezi niliyolelewa mimi hiyo haipo. Akisema, imeisha.

Wiki ya kwanza tu akatoa thermostat, ile inayofungulia maji ya injini kulingana na joto. Akanionyesha, kadude kadogo ka chuma kama kifuniko cha chupa kubwa. Akasema, "Hiki ni kwa ajili ya nchi za baridi. Huku kwetu joto lote hili kinafanya kazi gani? Kinazuia maji tu." Nikaona ni akili kubwa hiyo. Akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Halafu ile coolant niliyoikuta ndani, yale maji maalumu ya kupoza injini, akaimwaga, akajaza maji ya bomba. Siku nyingine bomba likikatika tulijaza ya kisima. Nikamuuliza mbona kila asubuhi naongeza maji nusu lita, akacheka sana. "Gari ni kama ng'ombe, lazima inywe. Ukiona haijanywa ndiyo uogope."

Nikaenda kijiweni nikawaambia wenzangu gari ni kama ng'ombe. Yaani nilifundisha watu huu upuuzi, nyie!

Miezi kadhaa ikapita. Sasa hizi gari ndogo nyingi hazina mshale wa kuonyesha joto, zina vitaa viwili tu pale kwenye dashibodi. Cha bluu kinawaka injini ikiwa ya baridi, chekundu kinawaka ikichemka. Chekundu kikaanza kuwaka. Kwanza kwenye vilima, baadaye hata nikitoka dukani kwenda nyumbani. Nikampelekea baba mdogo.

Akasema sensa imechoka, inatoa taarifa za uongo, inatisha watu bure. Akafungua dashibodi, akatoka na kitaa kidogo kiganjani. Akakitia mfukoni.

"Haitakusumbua tena."

Na kweli haikunisumbua tena. Nikamshukuru! Wakuu, mtu amechomoa kengele ya hatari kwenye gari yangu, mimi nimesimama pale nasema asante baba mdogo, Mungu akuzidishie. Hata sasa nikikumbuka ile asante natamani kujipiga kibao.

Sasa twende kwa mama.

Mama yangu anaishi Tindiga, mkulima wa mpunga. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limekuwa jeupe kabisa. Nyie mnaweza kudhani shida ya mtu asiyeona vizuri ni kutembea. Mama kutembea anatembea. Kilichomvunja ni mchele. Kuna msiba alipika wali, ukawa na mawe, watu wakawa wanatema pembeni. Hakuna aliyemsema, ila alisikia. Tangu siku hiyo hakukubali tena kupikia wageni, na kuchambuliwa mchele na majirani anaona ni kama kulishwa. Mwanamke aliyelisha ukoo mzima.

Ikatokea bahati. Madaktari bingwa wa macho walikuja hospitali moja pale Mikumi kwa siku tatu. Mama alishapimwa kabla, akapewa kadi na namba, apasuliwe siku ya mwisho, awepo kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo wanafunga vifaa jioni wanaondoka.

Dada yangu akasema mama apande basi la asubuhi. Nikakasirika kabisa. Basi? Mtoto wake nina gari halafu mama akapasuliwe macho kwa basi? Nikasema nitamchukua mwenyewe.

Jioni kabla ya safari nikapitia gereji. Nikamwambia baba mdogo, kesho nampeleka mama Mikumi kwenye macho, naomba uicheki. Akafungua boneti, akaangalia, akafunga. "Nenda. Msalimie shemeji."

Mama alishakuja kulala kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukatoka Kilosa. Mama amevaa kitenge kipya, kadi ameifunga kwenye kitambaa ameishika mkononi. Alikuwa na furaha, anaongea njia nzima. Ananiambia akirudi ataanza na ule mchele wa ndani, anajua wifi yake anaupeta ovyo.

Tumepita Zombo, bado hatujafika Ulaya. Ulaya ya kwetu hii, msianze utani. Mama akanyamaza. Akavuta pumzi puani mara mbili.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia ni moshi wa mashamba, watu wanachoma majani.

"Siyo moshi. Ni sufuria imekaukiwa maji motoni. Simama uangalie."

Nikaangalia dashibodi. Dashibodi iko safi, hakuna taa. Nikamjibu, na haya ni maneno yangu neno kwa neno, "Mama, ingekuwa inachemka taa ingewaka. Wewe tulia, gari siyo jiko."

Taa ipi? TAA IPI? Taa iko kwenye mfuko wa suruali ya baba mdogo Kilosa! Nilikuwepo ikichomolewa! Na bado nilimnyamazisha mama yangu kwa ushahidi wa taa ambayo haipo. Wakuu, hapa hata nikiwa peke yangu najisikia aibu.

Mama akageuzia uso dirishani. Akakikaza kile kitambaa chake mkononi.

Haikupita muda gari ikaanza kukosa nguvu, nakanyaga mafuta haiendi. Mara mvuke ukaanza kutoka mbele, kidogo, halafu mwingi, kioo chote cheupe. Nikasimama pembeni, nikamshusha mama nikamkalisha kwenye jiwe.

Tukiwa pale, hata dakika kumi hazijaisha, likaja basi dogo linaenda Mikumi. Likapunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa. "Mikumi hiyo! Bi mkubwa apande?"

Ilikuwa bado mapema. Lile basi lingemfikisha na muda unabaki.

Mama akasimama. "Baba, tupande."

Nikapunga mkono. "Tangulieni, hii inapoa tu sasa hivi."

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza sana. Niliona aibu mama yangu apandishwe basi mbele ya gari yangu. Basi zima linaniangalia, pengine mle ndani kuna wateja wangu. Niliona nikikubali nitakuwa nimeshindwa. Basi likaondoka, mama akakaa tena pale kwenye jiwe.

Nikaenda kwenye injini nikiwa na hasira ya kuthibitisha kwamba itapoa kama nilivyosema. Nikakamata mfuniko wa rejeta kwa kitambaa nikaufungua. Kama kuna mtu hajui: usifungue kamwe ikiwa ya moto! Maji yaliruka juu kama yametumwa, yakanimwagikia mkono huu wa kulia kuanzia kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Nilipiga ukelele. Mama akaja anapapasa hewani, anauliza, "Umeungua wapi? Umeungua wapi?" Hanioni.

Bado sijakoma. Nikachukua dumu la maji baridi nikamimina yote ndani, injini ikiwa ya moto vilevile. Nikasikia kitu kinalia ndani, kah! Nikajua ndiyo inapoa. Nikawasha, ikawaka, nikamwambia mama, "Umeona?" Tukaenda mwendo wa kama kuimba nyimbo mbili za kanisani, ikazima. Safari hii ikazima kweli kweli.

Hapo sasa jua limepanda, mtandao hausomi, barabara tupu.

Aliyekuja ni dereva wa trekta, amevuta tela la magunia ya mpunga. Kijana wa rika langu. Akazima, akamsalimia mama shikamoo, ndiyo akaja kwangu. Akachomoa kijiti cha oili akanionyesha. Oili imekuwa kama chai ya maziwa.

"Gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yameingia kwenye oili. Na hedi yenyewe nadhani imepinda au imepasuka. Umemimina maji ya baridi?"

"Ndiyo."

Akafuata mipira ya maji kwa kidole. Mmoja una ufa, umekuwa ukivuja siku zote. Akaingiza kidole kwenye rejeta, kikatoka na tope jekundu la kutu. Akaniuliza thermostat iko wapi, nikasema fundi alitoa. Coolant? Fundi alimwaga. Taa ya joto haikuwaka? Fundi alichomoa.

Akanitazama. "Na wewe kaka, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

Hakucheka. Bora angecheka. Akapanda trekta lake akaenda mbele kutafuta bodaboda, na Mungu ambariki popote alipo, maana zikaja mbili. Mama akapanda moja, mimi nyingine na mkono wangu umevimba. Gari nikaiacha palepale porini hata sikugeuka.

Tulifika hospitali saa sita kasoro. Mama vumbi mpaka kwenye nyusi, kitenge kipya huwezi kujua rangi yake. Nesi pale mapokezi alikuwa dada mpole.

"Shikamoo mama. Jina lako tumeliita mara tatu."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa njiani."

"Nafasi tumempa mwingine mama yangu. Orodha imefungwa. Hawa wanaondoka leo."

Nikaanza kuongea kwa sauti, nikaomba, nikaonyesha mkono wangu kama vile mkono wangu ndiyo kadi. Yule nesi alikwenda ndani kuulizia, akarudi anatikisa kichwa. Mama akaniambia, "Acha kumsumbua mtoto wa watu." Akafungua kitambaa chake, akaitoa kadi, akamrudishia. Yule nesi hakujua aifanye nini ile kadi.

Wakuu, nisingeandika kama yangeishia hapo.

Kesho yake asubuhi nikaenda gereji. Nimefungwa bendeji, sijalala. Baba mdogo ameinama kwenye injini ya mtu, na wateja wake watatu wanne wamekaa. Nikamwanzia pale pale. Nikamwambia ameniulia gari, nikamwambia mama amekosa macho kwa sababu yake, nikamwita fundi uchwara. Nikamwambia anipe taa yangu.

Akainua kichwa taratibu. "Wewe mtoto, hujaniamkia."

Ndiyo kitu alichojibu! Hakuuliza shemeji yake yuko wapi. Hakuuliza gari imekufa vipi. Hujaniamkia. Nikamwambia, na sijutii sauti, "Sikuamkii."

Mweh! Kilosa nzima ilijua kabla ya adhuhuri. Mteja amekuja dukani kununua mbegu ananiuliza, eti kweli umemnyima baba yako mdogo shikamoo? Nikitembea sokoni watu wananong'ona. Shangazi akapiga simu analia, anasema baba yangu angekuwa hai angekufa tena. Hakuna hata MMOJA, nasema hata mmoja, aliyeniuliza, "Mama anaendeleaje?" Macho ya mama hayakuwa habari. Shikamoo ndiyo ilikuwa habari.

Kikaitwa kikao cha ukoo. Nikakalishwa katikati. Wakazungumza adabu saa nzima, vijana wa siku hizi, pesa za duka, gari imempandisha kichwa. Nilipojaribu kueleza mambo ya thermostat nikaambiwa hayo ni ya gereji, hapa tunazungumza utu. Mwisho nikaambiwa niombe radhi.

Nikaomba. Nikapiga goti, nikasema shikamoo baba mdogo, nisamehe.

"Marahaba," akasema.

Nikabaki pale chini nikisubiri na yeye aseme neno. Hata pole. Hata "ile taa mwanangu nilikosea." Hakusema. Wazee wakasema yameisha, ikaletwa soda.

Nilitoka pale nachemka kuliko ile gari. Nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka Tindiga kwa mama. Nilikuwa na mzigo wa kumweleza: nilivyokwenda gereji kumpigania, nilivyosema, walivyonidhalilisha. Nilidhani atakuwa upande wangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika ungo una mchele, anaupapasa kwa vidole, anatafuta mawe kwa kugusa.

"Umemwomba radhi shemeji."

"Ndiyo mama, walinilazimisha."

"Na shangazi yako?"

"Ndiyo."

"Na wazee wote?"

"Ndiyo."

Akaendelea na mchele wake.

Nyie, nilichelewa kuelewa. Nilikaa pale kama zezeta, ndiyo ikanijia kwamba tangu siku ile barabarani nimeshagombana na watu, nimeshaomba radhi ukoo mzima, nimeshasimulia kijiwe chote jinsi gari yangu ilivyouawa, na mama yangu sijamwambia kitu. Nilimwambia "pole" kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa. Kwamba mimi ndiye niliyepunga mkono lile basi, sikusema popote. Hapa ndiyo mara ya kwanza kuliandika.

Nikamwomba radhi. Sitaandika nilivyolia, si lazima mjue kila kitu.

Sasa somo, maana najua mmelisubiri. Wewe mwenye gari ya kwanza, weka coolant, maji ya kisima ni ya kisima. Thermostat haijawekwa kwa bahati mbaya, waliotengeneza gari wanajua kuna joto duniani. Kila gari inayokunywa maji kila asubuhi inavuja, haina kiu. Ikichemka zima, kaa mbali, subiri ipoe kabisa, hata kama ni saa nzima, hata kama watu wanakuangalia. Na fundi akiwa ndugu yako, mpe shikamoo yake yote, halafu muulize. Muulize tena. Akinuna, anune. Mimi hasira zangu kwa baba mdogo bado zipo na simsamehe leo. Ila kile kitaa alikichomoa mbele ya macho yangu mawili mazima, na lile basi halikupungiwa mkono na yeye.

Gari nimeibadilishia hedi, kwa fundi mwingine, Mikumi. Inatembea vizuri. Taa ya bluu inawaka asubuhi na kuzima, nyekundu iko mahali pake.

Na nimehangaika mpaka mama amepata nafasi nyingine ya macho, Morogoro mjini, Jumatatu ijayo. Juzi nikaenda kumwambia, nikiwa nimejaa furaha. Nikamwambia nitakuja kukuchukua alfajiri, gari sasa ni mpya, nimekagua kila kitu mwenyewe.

Akasema atapanda basi.

Nikamwambia, "Mama, gari imepona kabisa, nakuapia."

Akanijibu bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Gari sina ugomvi nayo, mwanangu. Wewe ukishika usukani husikii mtu. Kwenye basi nikisema nishusheni, wananishusha."

Nimekata tiketi mbili. Jumatatu gari inabaki dukani, mimi nakaa kiti cha pembeni yake, na akisema kitu chochote njiani nitanyanyuka kumwambia dereva.

Uwanja ni wenu. Wa kunitukana watukane, nimejiandaa. Mafundi mliomo humu mnaochomoa taa za watu, nyie njooni mseme mnazipeleka wapi.